Korongo Limejaa, Kisima Kimekauka: Maji Yetu Yanakwenda Wapi?

Kama una kalamu na daftari viweke karibu, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Mazungumzo yetu ni juu ya maji ya mvua, maji ya kisima, na tope linalojaza malambo yetu. Mifano tutaichukua Mkoa wa Dodoma, kwa sababu huko mvua ni haba na mambo haya yamepimwa kwa miaka mingi. Lakini hata wewe uliye Singida, Shinyanga au Same, sikiliza, kwani jambo hili ni lako pia.

Sisi mabwana shamba na mabibi shamba tukizunguka vijijini tunasikia sana lalamiko hili: "Mvua ilinyesha mpaka korongo likajaa, watu wakashindwa kuvuka. Lakini mwezi wa Septemba kisima kimekauka. Maji yale yote yamekwenda wapi?" Ni swali zuri. Tulijibu hatua kwa hatua.

Kwanza, tulitazame tone la mvua linapoanguka. Likikuta majani au mabua, nguvu yake inavunjwa na maji yanashuka polepole mpaka ardhini. Likikuta ardhi tupu, linaipiga kama nyundo ndogo. Udongo unavunjika kuwa unga, na unga huo unaziba vitundu vya ardhi. Juu kunakuwa na ganda gumu. Maji yakikosa mlango wa kuingilia, yatafanya nini? Yatakimbia.

Haya si maneno ya kubahatisha. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930, watafiti walitenga vipande vya ardhi yenye mteremko mdogo tu, wakapima maji na udongo uliotoka katika kila kipande. Kwenye ardhi tupu, nusu ya mvua yote ilikimbia, na kila hekta ilipoteza tani 146 za udongo kwa mwaka. Palipolimwa nafaka, asilimia 26 ya mvua ilikimbia, na udongo uliopotea ulikuwa tani 78 kwa hekta. Penye vichaka ambavyo havikulishwa mifugo, maji yaliyokimbia hayakufika hata asilimia 1, na udongo ulibaki mahali pake.

Sasa chukua kalamu. Mvua ya milimita 1 juu ya eka moja ni kama lita 4,000. Mvua kubwa ya siku moja, tuseme milimita 40, ni lita 160,000. Kwa pipa la lita 200, hayo ni mapipa 800 yaliyomwagwa katika eka yako bila kulipa senti. Ukifuata vipimo vya Mpwapwa, ardhi tupu itapoteza mapipa 400, shamba la nafaka litapoteza kama mapipa 200, na kichaka kitapoteza mapipa matatu hivi. Na udongo je? Tani 146 kwa hekta ni karibu tani 60 kwa eka. Ni sawa na malori ya tani saba manane na zaidi, kila mwaka, yakisomba udongo wa juu wenye rutuba na kukuachia ule uliokonda.

Pili, udongo huo unakwenda wapi? Mwaka 1972 wataalamu Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa mmomonyoko na tope katika Tanzania. Katika kazi hiyo malambo ya karibu na Dodoma yalipimwa, likiwamo la Matumbulu lililojengwa mwaka 1960. Walikuta kwamba kila kilometa ya mraba ya ardhi inayomwaga maji Matumbulu ilikuwa inaingiza zaidi ya mita za ujazo 700 za tope na mchanga kila mwaka. Kwa kiasi hicho, lambo lingejaa tope kwa muda wa miaka 30 hivi. Fikiri, ndugu mkulima. Watu wanachimba lambo kwa jasho, wakitarajia wajukuu wao wanyweshe ng'ombe hapo, kumbe mjukuu atakuta uwanja wa tope.

Tatu, tuje kwenye kisima. Wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna mto unaopita gizani. Mara nyingi sivyo. Maji ya chini yamekaa katika nafasi ndogo ndogo kati ya chembe za mchanga na katika nyufa za miamba, kama maji yaliyo katika mtungi uliojazwa kokoto. Ukichota, usawa unashuka. Ili upande tena, lazima maji mengine yaingie.

Yanaingia lini? Kaskazini ya mji wa Dodoma, mahali paitwapo Makutupora, kuna visima virefu vinavyoleta maji mjini. Usawa wa maji ya chini umepimwa hapo tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya vipimo vya miaka 55. Waliona kwamba maji ya chini hayaongezwi sawasawa kila mwaka. Sehemu kubwa huingia katika misimu michache ya mvua nzito, na msimu uliozidi yote ulikuwa wa 1997/98, wakati wa El Nino. Kwa hiyo kisima ni kama ghala linalojazwa na mavuno ya mwaka mmoja mzuri, halafu likalisha nyumba kwa miaka kadhaa ya njaa. Mwenye ghala la namna hiyo hali ovyo ovyo.

Na mlango wa ghala hilo uko wapi? Uchunguzi mwingine wa Makutupora uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba maji mengi huingia kupitia mchanga wa mito inayotiririka wakati wa mvua tu. Kadiri mto unavyotiririka kwa siku nyingi, ndivyo maji ya chini yanavyoongezwa. Basi korongo lako la mchanga, unaloliona halina kazi wakati wa kiangazi, ndilo mlango wa kisima.

Hapa msikilizaji mmoja atauliza: "Bwana shamba, kama nikizuia maji yote shambani kwangu, si nitamnyima jirani wa bondeni?" Hapana, ndugu yangu. Mvua nzito ikinyesha, ya ziada itateremka tu, hata ukiweka kinga gani. Tofauti ni namna inavyoteremka. Gharika ya saa mbili yenye tope hupita mbio, na udongo laini ukitulia huweza kuziba mchanga. Maji yaliyopunguzwa kasi hushuka polepole na safi, na mto hutiririka muda mrefu zaidi. Jirani wa bondeni anafaidika, na lambo lake linaishi.

Basi tufanye nini? Andika.

1. Usiiache ardhi uchi. Mabua usiyachome. Yatandaze shambani, na kama ni lishe ya mifugo, bakiza sehemu yake.

2. Lima kwa kukingama na mteremko, kamwe usifuate mteremko. Ukitengeneza matuta, yafunge kwa vituta vidogo kila baada ya hatua mbili au tatu ili maji yasimame na kunywewa na ardhi.

3. Penye mteremko chimba makinga maji ya fanya juu: mfereji unaofuata usawa wa ardhi, udongo ukitupwa upande wa juu. Juu ya tuta panda majani ya lishe. Ng'ombe atakula, na tuta litashika.

4. Kando ya korongo na kuzunguka lambo usilime. Acha majani na miti viwe chujio la tope. Mifugo inyweshwe kwenye birika, isiingie lamboni.

5. Pima kisima chenu. Chukua kamba yenye jiwe, ipige mafundo kila nusu mita, na uishushe kila wiki siku ileile, alfajiri kabla watu hawajachota. Hesabu mafundo makavu mpaka kwenye maji, uandike katika daftari la kijiji. Mkiona usawa unashuka mapema kuliko mwaka jana, kamati ya maji ikae na kupanga mgawo kabla kisima hakijakauka.

Kazi hizi hazifai mtu mmoja peke yake. Ukichimba makinga maji na jirani wa juu yako asichimbe, gharika yake itakuja kuyabomoa. Anzeni juu ya kilima na kushuka chini, shamba kwa shamba. Mwiteni bwana shamba au bibi shamba wa kata awasaidie kupima mistari ya usawa sasa wakati wa kiangazi, maana mvua ikishaanza hakuna atakayekuwa na nafasi.

Haba na haba hujaza kibaba, ndugu mkulima, lakini kibaba chenyewe kisiwe kimetoboka.