Kitufe Kinapokosa Nafasi

Kutoka Nairobi Hospital hadi Yaya Centre, Argwings Kodhek Road ni barabara ya madaktari. Kliniki za meno, macho, watoto na akina mama zimebanana katika majengo ya Hurlingham, na kwenye mapokezi mengi kuna kompyuta yenye maswali yale yale: jina la mgonjwa, nambari ya simu, tarehe ya kuzaliwa, nani atalipa. Tarehe 1 Oktoba 2024 swali hilo la mwisho lilibadilika nchi nzima. Bima ya afya ya NHIF iliondoka, SHA ikashika nafasi yake, na programu zilizobeba jina la bima ya zamani ikabidi ziguswe.

Kufuta herufi nne na kuweka tatu ni kazi ya dakika chache. Kibarua huanza kliniki inapotaka kisanduku kingine cha maandishi katikati ya fomu, au lebo za Kiswahili mahali pa zile za Kiingereza. Hapo ndipo fundi wa programu hugundua kama aliyemtangulia aliipanga skrini kwa rula au kwa kanuni.

Kupanga kwa rula ndiko Wakenya wengi walikoanzia. Visual Basic 6, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1998, ilikaa miaka mingi katika vyuo vinavyofuata mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Mwanafunzi alikokota kitufe kwa mausi, akakiachia alipopenda, na programu ikahifadhi mahali pake kwa kipimo kiitwacho twip, ambapo twip 1,440 ni inchi moja. Matokeo yalionekana papo hapo. Mtu aliweza kukamilisha fomu ya duka la dawa kwa alasiri moja bila kuandika mstari hata mmoja wa msimbo wa mpangilio.

Tatizo la njia hiyo ni kwamba kila kitu kinajua mahali pake tu. Hakijui jirani yake ni nani. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na duka lililotaka kuhifadhi msimbo wa muamala, wenye herufi na tarakimu 10, lilihitaji kisanduku kipya chini ya kile cha kiasi. Katika fomu ya rula, kuingiza kisanduku hicho ni kuteremsha kwa mkono kila lebo, kila kisanduku na kila kitufe kilicho chini yake. Kimoja kikisahaulika, viwili vinalaliana.

Kisha kuna skrini zenyewe. Nairobi ni mji wa kompyuta za mtumba, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, na biashara moja inaweza kuwa na kioo cha zamani cha piseli 1024 kwa 768 kwenye kaunta na kompyuta mpya ya piseli 1920 kwa 1080 katika ofisi ya meneja. Fomu iliyopimwa kwenye kioo kikubwa hukatwa upande wa chini kwenye kile kidogo, na mara nyingi kinachokatwa ni kitufe cha kuhifadhi, kwa kuwa ndicho kilichowekwa mwisho. Windows nayo humruhusu mtumiaji mwenye macho dhaifu kukuza maandishi hadi asilimia 125 au 150. Kama programu haikuandaliwa kwa ukuzaji huo, maneno yanaweza kukua na visanduku vikabaki vilivyokuwa.

Njia ya pili, ile ya kanuni, hutumia kinachoitwa meneja wa mpangilio. Huyu ni sehemu ya programu ambayo haifanyi kazi nyingine ila kugawa nafasi. Anafanana na kondakta wa matatu ya 46 inayopita Hurlingham kwenda Kawangware: hana orodha ya nani akae kiti gani, ana kanuni tu za kusogeza watu, na abiria akiingia au akishuka, wengine hujipanga upya.

Wazo hilo halikuanza jana. John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilitumia katika Tk, zana iliyosambaa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo hadi leo huja pamoja na Python kwa jina la Tkinter. Kampuni ya Sun ilipotoa Java 1.0 Januari 1996, haikuwa na budi kufuata njia kama hiyo. Java iliahidi kwamba programu moja ingeendeshwa kwenye Windows, Macintosh na Solaris, na kitufe kile kile kilikuwa na ukubwa tofauti katika kila mfumo. Hakuna rula ambayo ingefaa kote.

Katika Java, kila kijenzi cha skrini kinaweza kuulizwa maswali matatu: ukubwa wako wa chini kabisa ni upi, unaoupenda ni upi, na wa juu kabisa ni upi? Kitufe hujibu kwa kuangalia maneno kilichobeba na ukubwa wa fonti. Meneja hukusanya majibu, huangalia dirisha lina upana gani, kisha hugawa. Dirisha likivutwa kwa pembe, hesabu hurudiwa.

Kila meneja ana tabia yake. FlowLayout hupanga vitu kwenye mstari mmoja na kushuka mstari wa pili nafasi ikiisha. GridLayout hukata eneo kuwa vyumba vilivyo sawa kabisa, hivyo hufaa vitufe vya kikokotoo lakini huharibu fomu, kwa maana lebo fupi hupewa upana ule ule wa kisanduku kirefu. BorderLayout ina sehemu tano: juu, chini, pande mbili na katikati. Sehemu ya juu na ya chini hupata urefu zinaoutaka, na katikati huchukua chochote kilichobaki.

Wanafunzi wengi wa Java hupigwa chenga na BorderLayout mapema kabisa. Ndiyo meneja wa kawaida wa dirisha la JFrame, na kitu kinachoongezwa bila kutajiwa sehemu hutupwa katikati. Kwa hiyo anayeongeza vitufe vitano huendesha programu na kuona kimoja tu, cha mwisho, kimejaa dirisha zima. GridBagLayout nayo ina mtego wake. Kila chumba kina uzito unaoamua nani apate nafasi ya ziada, na uzito wa kuanzia ni sifuri. Asiyeubadilisha hukuta fomu yake imejikunyata katikati ya dirisha pana. Tkinter pia ina ugomvi wake: mameneja wake pack na grid wakiwekwa ndani ya fremu moja, kila mmoja hutaka kuamua. Zamani programu ilikwama kimya. Matoleo mapya hutoa ujumbe wa kosa.

Lugha ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Mwongozo wa IBM, unaonukuliwa sana na watafsiri wa programu, husema maandishi ya Kiingereza yasiyozidi herufi 10 yanaweza kufikia mara mbili hadi tatu ya urefu wake katika lugha nyingine. Lebo yenye herufi tatu za SHA ikiandikwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, imepita kiwango hicho mbali sana.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ya ofisi ya bure. OpenOffice ya wakati huo ilichora visanduku vyake vya mazungumzo kwa vipimo vilivyowekwa kabla. Mpango wa namna hiyo humwachia mtafsiri njia mbili: afupishe neno hadi litoshe, au mtu apanue kisanduku kwa mkono. Mabadiliko yalikuja kwa mrithi wake, LibreOffice. Kuanzia toleo la 4.0, Februari 2013, visanduku hivyo vilianza kuundwa upya kimoja kimoja ili vijipime vyenyewe kulingana na maneno, kazi iliyosukumwa hasa na Caolán McNamara, aliyekuwa katika kampuni ya Red Hat.

Rula haijafukuzwa kabisa. Risiti inayochapishwa kwenye karatasi ya milimita 80 haina dirisha la kuvutwa, na alama kwenye ramani lazima ikae pale mahali pake halisi palipo. Lakini kwa fomu ya mapokezi, jaribio ni rahisi na halihitaji mtaalamu. Vuta pembe ya dirisha hadi lipungue nusu. Kuza maandishi hadi asilimia 150. Badilisha kila lebo iwe na maneno mara mbili ya yaliyopo, kisha tazama kama kitufe cha kuhifadhi bado kinaonekana na kinabonyezeka. Meneja wa kliniki anaweza kufanya hivyo mwenyewe kabla ya kulipa bakaa ya kazi.