Gofu kwenye ardhi iliyonusurika kuzamishwa

Ukitoka Scottsdale, jimbo la Arizona nchini Marekani, kwa barabara ya Shea, nyumba zinakusindikiza hadi unaupita mji wa Fountain Hills. Hapo zinakoma. Mbele ni jangwa la Sonora: kokoto, vichaka vya miiba, makorongo yaliyokauka na safu za milima yenye rangi ya kutu. Viwanja viwili vya gofu vya We-Ko-Pa viko hapo, na kile kiitwacho Saguaro, kilichofunguliwa mwaka 2006, ndicho kinachonivuta zaidi.

Viwanja vingi vya eneo hili vilijengwa ili kuuza nyumba. Mchezaji hupiga mpira huku upande mmoja kuna bwawa la kuogelea la mtu na upande wa pili baraza ya mtu. Saguaro haina nyumba hata moja kando ya nyasi zake, na sababu si ubunifu wa wachoraji. Ardhi ni ya Wayavapai wa Fort McDowell, wenyeji wa asili ambao eneo lao lilitengwa rasmi mwaka 1903, na wao ndio wenye kiwanja.

Nusura eneo hilo liwe chini ya maji. Mwaka 1968 Bunge la Marekani liliidhinisha mradi mkubwa wa kuleta maji ya mto Colorado katikati ya Arizona, na katika mipango yake kulikuwa na bwawa la Orme, karibu na mahali ambapo mito Verde na Salt inakutana. Lingejengwa, sehemu kubwa ya ardhi ya Wayavapai ingezama, pamoja na makaburi ya wazee wao. Serikali ilitaka kuinunua. Mwaka 1976 wenyeji walipiga kura, na wengi wakakataa kuuza. Septemba 1981 kundi la watu wapatao mia moja, wazee wakiwemo, lilitembea kwa miguu siku tatu katika joto kali hadi makao ya serikali ya jimbo mjini Phoenix. Novemba mwaka huohuo serikali ya shirikisho ikaachana na bwawa hilo, na mpaka leo kila Novemba Fort McDowell husherehekea ushindi huo. Sijui kiwanja kingine cha gofu ambacho mandhari yake yamelipiwa kwa gharama ya namna hii.

Waliopewa kazi ya kuchora Saguaro, Bill Coore na Ben Crenshaw, waliifanya kwa adabu. Crenshaw ni bingwa wa mashindano ya Masters mara mbili, 1984 na 1995, lakini naamini viwanja ndivyo vitakavyolitunza jina lake. Wawili hao walichimba na kusawazisha kidogo tu, wakayafuata mabonde na matuta kama walivyoyakuta. Kutoka shimo moja hadi jingine ni hatua chache, hivyo unaweza kutembea raundi nzima na mfuko wako begani, jambo adimu jangwani, ambako kwingi usafiri ni wa vigari. Urefu ni karibu yadi 7,000 na kiwango ni mikwaju 71. Njia za nyasi ni pana kuliko zinavyoonekana ukiwa umesimama pa kuanzia, na kazi hasa ni kuchagua upande utakaokupa nafasi nzuri ya kulifikia shimo.

Nje ya nyasi, jangwa halikuguswa. Hapo ndipo saguaro wenyewe wanaposimama, madungusi marefu yaliyokipa kiwanja jina. Hukua polepole mno: miaka kumi ya mwanzo huenda mmea usifikie urefu wa kidole, na tawi la kwanza mara nyingi hutoka baada ya nusu karne. Walio wazima huweza kupita mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150. Vigogota hutoboa shina na kutaga humo. Wakihama, bundi wadogo huingia. Sheria ya Arizona inakataza kukata saguaro bila kibali.

Mpira ukiingia huko, wachezaji wa huku wana fimbo moja ya zamani ya kupigia juu ya mawe, ili nzuri zisichubuke. Wengi hubeba pia kichana, kwa sababu dungusi liitwalo cholla hunasa kwenye suruali hata ukilipita kwa mbali kidogo, na vipande vyake having'olewi kwa mkono mtupu. Na usiingize mkono kichakani kutafuta mpira. Nyoka aina ya kayamba wamo, na mpira una bei yake dukani. Dondosha mwingine, kubali adhabu ya mkwaju mmoja, endelea.

Swali la maji haliepukiki, wala halipaswi kuepukwa. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu wa maji ya mto Colorado, na mwaka uliofuata mgawo wa Arizona ukapunguzwa. Tangu miaka ya 1980 kanuni za jimbo zimewabana wajenzi wa viwanja vipya kuzunguka Phoenix, hesabu ya maji ikipimwa kwa takriban ekari tano za nyasi kwa kila shimo. Ndiyo maana gofu ya Arizona ikawa visiwa vya kijani ndani ya changarawe. Kwangu mimi huo ndio uhalali pekee wa mchezo huu jangwani. Kiwanja kinachofunika mchanga wote kwa nyasi, kikapanda mitende ya mapambo na kuchimba maziwa, kinamnyima mchezaji kitu alichokisafiria.

Januari hadi Machi hali ya hewa ni tamu na ada ziko juu kabisa. Oktoba haifai kwa safari bila kuuliza kwanza, kwa kuwa viwanja vingi hufungwa wiki kadhaa kupandwa nyasi za baridi. Julai joto hupita nyuzi 43. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo katika hali hiyo. Ningechagua Mei: bei zimeanza kushuka, na saguaro wamechanua maua meupe yanayofunguka usiku na kufumba mchana wa siku inayofuata. Omba nafasi ya kwanza ya alfajiri, na maji yako yawe mengi kuliko unavyodhani unayahitaji.