Taka za Kariakoo: zenye bei huondoka kabla ya lori

Maduka ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo jijini Dar es Salaam, yakianza kufungwa jioni, maboksi yaliyofunguliwa mchana kutwa hukunjwa, hufungwa kamba na kupakiwa kwenye guta. Chupa za plastiki hujazwa kwenye viroba, vyuma vikaenda kwa wanunuzi wa skrepa. Kila kitu hupimwa kwa kilo na kulipwa taslimu. Lori la mkandarasi likifika linakuta maganda ya miwa, majani ya migomba, mapapai yaliyooza na mchanga: mzigo mzito, wenye maji, usio na mnunuzi.

Hapo ndipo hesabu za wauza mitambo ya kuzalisha umeme kwa taka hugonga mwamba. Taka mbichi haziungui vizuri. Joto jingi huishia kukausha maji badala ya kuzalisha umeme. Zingefaa kwa gesi au mboji, ila zikishachanganyika na nailoni na vioo, kuzichambua upya kunakula faida.

Jiji limeshajaribu. Miaka ya 1990 mradi wa Takagas ulikusudia kuzalisha umeme kwa taka, lakini mtambo haukujengwa. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa kushirikiana na jiji la Hamburg, kinategemea taka zilizotengwa tangu sokoni. Muuza mboga asipotenga, mashine haina la kufanya.

Tena kuna safari ya kwenda dampo. Wakazi wa Tabata walilishinda jiji mahakamani mwaka 1988 kuhusu dampo lao. Baadaye taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Lori likinasa kwenye foleni, safari ya pili imekufa siku hiyo, na dizeli imeshaungua. Mkandarasi anategemea ada ya taka. Malipo ya simu yanaonyesha nani hajalipa, lakini hayamfuati machinga aliyehamia kona nyingine.

Soko la Kariakoo lililojengwa upya baada ya moto wa Julai 2021 linatoa nafasi ya kuanza na mambo madogo: mapipa ya taka mbichi karibu na meza za mboga, na lori lake lenyewe alfajiri kabla ya foleni. Lori hilo lina gharama. Mwekezaji ajaye na michoro ya mtambo aulizwe kwanza nani atailipa.