Unasoma Nini Sasa, na Tusome Nini Baadaye?



Kamati za parokia na wafadhili wetu wamekuwa wakituuliza mara kwa mara: vikundi vya wasomaji katika vijiji vya pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi kwenye mlango wa mto Ruvuma, hufanya nini hasa vinapokutana? Na kwa nini tumeomba fedha za vitabu zisitumike mpaka vikundi vyenyewe viseme vinataka kusoma nini? Katika toleo hili tunapenda kuyajibu maswali hayo mawili, kwa sababu yanakwenda pamoja.

Kwa kifupi, kila kikao kina kazi mbili. Kwanza, kila mwanakikundi husema anasoma nini kwa sasa. Pili, kikundi huamua kitakachosomwa baadaye.

Tulikotoka

Kusoma kwa vikundi si jambo geni katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye yalichaguliwa maeneo sita ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971, na mojawapo lilikuwa Masasi, hapa hapa mkoani Mtwara. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo iliwashirikisha watu wapatao milioni mbili kwa muda wa wiki 12. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa kutokana na vikao hivyo.

Matokeo ya kazi ya miaka ile yalikuwa makubwa. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kwa mujibu wa majaribio ya kisomo ya mwaka 1986, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawakujua kusoma. Sababu za kurudi nyuma ni nyingi. Moja tunaiona kila siku vijijini: mtu aliyejifunza kusoma, akakosa kitu cha kusoma, husahau. Kisomo ni kama jembe, lisipolimiwa hushika kutu.

Kosa letu wenyewe

Ni haki tuseme wazi kwamba nasi tulikosea. Tulipoanza kazi hii tulipokea maboksi ya vitabu mchanganyiko, vingi vikiwa vya Kiingereza na nakala moja moja. Vilitolewa kwa moyo mwema, nasi tukavipokea kwa shukrani na kuvigawa bila kumwuliza mtu yeyote. Tuliporudi baada ya msimu wa mvua tulikuta boksi moja stoo, bado limefungwa, na mchwa wameanza upande wa chini. Viongozi wa kijiji walikuwa wamelitunza kwa heshima, kama mtu anavyotunza nguo ya mgeni. Hakuna aliyedhani kuwa vitabu vile ni vyake.

Tangu hapo tulibadili utaratibu. Swali la kwanza tunalopeleka kijijini ni lile lile la kikao: ninyi mnasoma nini sasa?

Kila mtu anasoma kitu

Mwanzoni wengi hujibu kuwa hawasomi chochote. Hapa kiongozi wa kikundi anatakiwa awe na subira. Akiuliza vizuri, hupata kwamba mmoja anasoma Biblia au Kurani, mwingine gazeti lililofungiwa maandazi, mwingine ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, na mwingine daftari la mjukuu wake.

Katika kikundi kimoja mama mmoja alisema kwamba anachosoma yeye ni stakabadhi ya korosho. Wakulima wa Mtwara wanaifahamu vizuri. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotokana na sheria ya mwaka 2005, ulianza kutumika kwa korosho katika mkoa huu mwaka 2007. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, hupewa stakabadhi, na hulipwa baada ya mnada, makato yakiwa yameondolewa. Mama huyu alikuwa ameisoma karatasi yake mara tatu. Kilo alizielewa. Neno "makato" alilisoma bila shida, lakini hakujua yanakatwa kwa ajili ya nini. Alipoitoa ile karatasi, wengine wanne walisema kuwa nao wanazo nyumbani na hawajawahi kuziuliza.

Mpaka hapo wengi katika kikundi hicho walikuwa wakijiona si wasomaji. Kumbe walikuwa wakisoma kitu kinachogusa chakula cha watoto wao na ada zao.

Utaratibu wa kikao

Vikundi vingi hukutana mara moja kwa wiki mbili, watu kumi hadi kumi na watano, Wakristo na Waislamu pamoja. Kila mmoja hupewa dakika chache kueleza mambo manne: anasoma nini, amefika wapi, ni jambo gani lililomgusa, na nani mwingine angefaidika nalo. Haruhusiwi kusimulia mwisho wa hadithi. Asiyejua kusoma hueleza alichosomewa. Panapokuwa na wazee wanaoelewa zaidi Kimakonde, mmoja hutafsiri.

Baada ya hapo husomwa kwa sauti kitabu cha kikundi. Watu wa pwani wamezoea kusikiliza tenzi, hivyo kusomewa si jambo la watoto. Utenzi wa Enjili wa Mwalimu Nyerere, uliochapwa mwaka 1996 na Benedictine Publications Ndanda-Peramiho, ni mfano mzuri wa kitabu kinachosikika vizuri zaidi kinaposomwa mbele ya watu kuliko kwa kimya.

Namna ya kuamua kinachofuata

Kitabu kinapokaribia kwisha, kikundi hupendekeza visivyozidi vitatu. Kwa kila kimoja husomwa ukurasa wa kwanza, na maswali haya huulizwa: Je, lugha yake tunaielewa? Nakala zitapatikana ngapi? Kitatuchukua muda gani, na muda huo ni wa kazi gani shambani au baharini? Tukimaliza, tutakuwa tumepata nini?

Kisha hupigwa kura. Zamani tulitumia kunyoosha mikono. Tuligundua kwamba kila mara kilishinda kitabu cha mwenyekiti, kwa kuwa akina mama na vijana walimtazama yeye kwanza kabla ya kuinua mkono. Sasa kila kitabu huwekewa kikapu kilichofunikwa, na kila mtu hupewa korosho moja ya kutumbukiza. Kitabu kilichoshika nafasi ya pili hakitupwi. Huwa cha kwanza katika orodha ya kikao kijacho. Hivyo walioshindwa hawaondoki na kinyongo.

Kikundi cha yule mama kilikuwa na mapendekezo mawili yenye nguvu. Vijana walitaka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Baadhi ya wazazi waliipinga, wakikumbusha kuwa iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Wengine wakajibu kuwa baadaye iliruhusiwa, na kwamba habari za binti anayelelewa kwa ukali bila kuelekezwa ni habari za nyumba zao. Upande wa pili walitaka maelezo ya stakabadhi ghalani.

Korosho zilipohesabiwa, stakabadhi ilishinda kwa kura mbili. Kwa kuwa msimu ulikuwa unakaribia, iliamuliwa karatasi zisomwe kwanza, na mtendaji wa chama cha msingi aalikwe kueleza kila kato. Alikuja na alijibu. Baadhi ya majibu yaliwaridhisha, mengine waliyapeleka kwenye mkutano mkuu wa chama. Riwaya ilisomwa wakati wa masika, watu walipokuwa na nafasi jioni. Mzazi mmoja aliyeipinga ndiye aliyeomba isomwe tena sura aliyoikosa.

Mambo ambayo bado ni magumu

Hatutaki kuwaficha matatizo. Nakala ni chache, na kitabu kimoja kwa watu kumi na wawili hukaa kwa mmoja zaidi kuliko ilivyokubaliwa. Taa ni tatizo katika baadhi ya nyumba. Wavuvi hufuata bamvua na hawawezi kufika kila kikao. Aidha, watu wa mwambao huu wanaishi na mambo makubwa yanayoandikwa kuwahusu: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, na kiwanda cha kuchakata gesi asilia cha Madimba kilichozinduliwa mwaka 2015. Sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 iliandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, lakini mpaka mvuvi wa Msimbati ashike kwa mkono wake maandishi anayoyaelewa, bado kuna safari.

Tunachowaomba

Kwa kamati za parokia: tengeni kabati moja lisilofikiwa na mchwa wala maji, na mtu mmoja wa kutunza daftari la kuazima. Msichague vitabu kwa niaba ya kikundi, hata mkiwa na nia njema.

Kwa wafadhili wetu: tunaomba nakala kumi za kitabu kimoja kilichochaguliwa kuliko vitabu kumi tofauti visivyoombwa. Tunajua kwamba hii inachelewesha matumizi ya fedha, na taarifa zetu za robo mwaka huonyesha bakia. Tunaomba mtuvumilie. Bakia hiyo inasubiri korosho zihesabiwe.

Na kwa kila anayesoma kurasa hizi: kabla ya kulikunja jarida hili, mwulize aliye karibu nawe anasoma nini. Kisha mpe hili, akilitaka.