Nyumba Iliyoelekea Bahari: Vifaa Vipi Vyadumu Funzi?

Wajenzi wa nchi za baridi, kama vile Norway na Kanada, wana adui wao, naye ni barafu. Maji ya mvua hupenya katika matundu madogo ya tofali au ya jiwe. Baridi ya usiku ikija, maji yale huganda, na yakiganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya sehemu 9 katika kila 100. Tofali hupasuka kutoka ndani. Ndiyo sababu watu wa huko, kabla ya kununua kitu chochote cha upande wa nje wa nyumba, huuliza kwanza kitakuwaje majira ya baridi yakifika.

Huku pwani hatuna barafu isipokuwa ile wanayohifadhia samaki. Lakini msomaji asidhani ya kuwa hewa yetu ni pole kwa nyumba. Katika kisiwa cha Funzi, kusini ya Msambweni, chumvi hufanya kazi ile ile ifanywayo na barafu kule Ulaya. Upepo wa kusi, uvumao tangu Aprili mpaka Septemba hivi, huinua matone ya mawimbi na kuyatupa juu ya kuta na mapaa. Maji hukauka, chumvi hubaki. Chumvi hiyo ikiingia ukutani pamoja na unyevu, kisha jua likaukausha ukuta, hugeuka kuwa chembe ngumu ndani ya matundu, nazo chembe hizo husukuma mpaka lipu ikabambuka na jiwe likawa unga. Pasipo na jiwe, chumvi hula chuma.

Basi mtu anayetaka kujenga Funzi, au Bodo, au Gazi, au mahali popote pasikiapo mawimbi, hana budi kuwa na swali lake mwenyewe: kitu hiki chumvi itakifanya nini? Swali hili si la anasa. Mvuvi hukusanya fedha za paa kwa miaka kadhaa, shilingi baada ya shilingi, na kila mfuko wa saruji na kila jora la bati huvushwa kwa mashua. Paa likioza mapema, hana fedha nyingine za kuanza tena, na pengine ni karo ya watoto itakayokwenda huko.

Tuanze na paa, maana ndilo lililo juu ya vyote na ndilo liharibikalo upesi. Mabati ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya zinki. Zinki ndiyo mlinzi. Hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Ngozi ikiisha, kutu huanza, na hapo bati halina siku nyingi. Katika nchi kavu za bara mlinzi huyo aweza kukaa muda mrefu sana. Pwani, hasa katika mita mia chache za kwanza kutoka penye mawimbi, huliwa kwa haraka zaidi mara nyingi.

Kwa hiyo mtu asinunue bati kwa kutazama mng'aro wake, kwa kuwa mabati mapya yote hung'aa. Aulize geji, naye akumbuke ya kuwa hesabu hii huenda kinyume: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na geji 28 ni jembamba kuliko geji 26. Tena aulize habari za ile ngozi, maana bati laweza kuwa nene na ngozi yake ikawa hafifu. Siku hizi yapo pia mabati yaliyovikwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Katika mchanganyiko uliozoeleka zaidi alumini ni sehemu 55 katika kila 100. Hayo huivumilia hewa ya bahari kuliko yale ya zinki tupu, hasa yakiwa yamepakwa rangi kiwandani. Bei yake ni kubwa, lakini mwenye kununua mara moja hulipa nauli ya mashua mara moja.

Jambo moja huwashangaza wengi. Bati halianzi kuoza pale panyeshewapo sana na mvua. Huanza chini ya upenu, na pale bati moja lilalapo juu ya jingine. Sababu yake ni hii: mvua huosha chumvi iliyo juu ya paa, lakini chini ya upenu haifiki, na katikati ya mabati mawili unyevu wa chumvi hukaa kama maji katika kitambaa. Mwenye maji baridi ya kutosha ayamwage chini ya upenu mara kwa mara wakati wa kaskazi, wakati mvua ni haba. Ni kazi ya nusu saa, nayo humwongezea bati maisha kuliko rangi iliyopakwa juu ya kutu.

Misumari nayo isisahauliwe. Bati zuri lililopigiliwa misumari mitupu huoza kwa kuzunguka kila tundu. Yatakiwa misumari iliyovikwa zinki, yenye kofia na washa ya mpira. Paa la alumini lisiguswe kabisa na chuma kitupu wala shaba, maana metali mbili zikikutana mahali penye maji ya chumvi, moja huila nyingine. Wala chokaa mbichi au saruji mbichi isiachwe kukauka juu ya alumini au zinki. Huzichoma zote mbili.

Na makuti je? Wapo watu waonao haya kuezeka makuti, wakiyahesabu kuwa alama ya umaskini. Kwa kweli kuti haliijui kutu. Chumvi hailidhuru, mnazi wenyewe husimama ufuoni, na nyumba ya makuti ni baridi mchana wakati nyumba ya bati inafoka kama tanuri. Adui wa kuti ni maji yanayotuama, na pia moto. Makuti ya viungo yaliyopangwa kwa kukaribiana, juu ya paa lenye mwinuko mkali, hukaa miaka mitatu mpaka mitano, na pengine zaidi. Yakitawanywa juu ya paa lililolala, hayafiki. Kipimo rahisi ni hiki: kimo cha paa kutoka juu ya ukuta mpaka kilele kisipungue nusu ya upana wa nyumba. Makumba yaachiwe ua na vyoo.

Lakini bati lina faida moja ambayo kisiwani ni kubwa sana: hukusanya maji safi ya mvua. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo wa kununua bati zito na tangi aezeke bati. Mwenye fedha za bati jembamba tu na aezeke makuti mazuri, aweke akiba yake. Bati jembamba mbele ya bahari ni hasara mbili, maana halina ubaridi wa makuti wala halina maisha.

Zamani ziliuzwa pia karatasi ngumu za asbesto. Ni kweli hazikushika kutu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kueleza ya kuwa kila aina ya asbesto huleta saratani. Mwenye paa la namna hiyo asilikate kwa msumeno wala asilivunje kwa nyundo, na vipande vyake visitumiwe tena hata kwa banda la kuku.

Sasa kuta. Mashahidi wetu wako karibu. Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, nayo imesimama ikitazama bahari kwa zaidi ya miaka 400. Msikiti wa Kongo wa Diani, ulio penye mlango wa mto Mwachema, ni wa karne nyingi na ungali ukisaliwa. Wajenzi wa majengo hayo hawakuwa na mfuko hata mmoja wa saruji. Walikuwa na chokaa.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe mpaka yaive, kisha kuyazima kwa maji. Ikipakwa ukutani huvuta hewa polepole na kurudia kuwa jiwe. Lakini si jiwe gumu la kuziba. Hubaki na matundu madogo, na unyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutoka. Chumvi ikija, huharibu ngozi ya chokaa, na ngozi hiyo hupakwa upya kwa gharama ndogo. Saruji ni kinyume chake. Mtu akipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa kale wa mawe na chokaa, au juu ya kiambaza cha udongo, huwa ameufunga unyevu ndani. Kwa mwaka mmoja au miwili ukuta hupendeza. Kisha lipu huvimba, hulia kitupu ukigonga, na huanguka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Hasara hii imeonekana Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, katika nyumba ambazo wenyewe walidhani wanazitengeneza.

Haina maana kwamba saruji haifai. Matofali ya saruji ni mazuri, ila hapa ndipo watu wengi wa pwani hujidhulumu kwa mchanga. Mchanga wa ufuoni hauna bei, uko mlangoni, basi huchotwa. Una chumvi. Nondo zikiwekwa ndani ya zege la mchanga huo hushika kutu, na kutu huwa na ukubwa mara mbili ya chuma au zaidi. Huipasua nguzo kutoka ndani, kama vile barafu ipasuavyo tofali la Norway. Utumiwe mchanga wa mtoni au wa machimbo, na maji yasiyo na chumvi. Mwenye shaka auonje. Tena nondo zifunikwe na zege la sentimita 5 kila upande karibu na bahari.

Mawe yachukuliwe katika machimbo ya nchi kavu. Matumbawe yaliyo hai yaachwe baharini, kwani mwamba ndio uvunjao mawimbi kabla hayajafika kisiwani.

Ndivyo ilivyo kwa mikoko pia. Boriti na pau za mkoko na mkandaa ni ngumu, na kwa karne nyingi zilipelekwa Arabuni kwa majahazi. Kenya ilikataza biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Kukata kwa matumizi ya nyumbani kunahitaji kibali cha Idara ya Misitu ya Kenya. Lakini mbali na sheria, msomaji wa Funzi na atazame upande wa nyuma wa kisiwa chake: mikoko ile ndiyo ukuta wa nje wa nyumba zote. Huko Gazi, wanavijiji walianza mwaka 2013 kupata fedha kwa kuilinda mikoko yao, nazo zimewaletea maji na kusaidia shule. Kwa kenchi za paa, miti ya mvinje iliyopandwa yaweza kutumika badala yake, ikikatwa, ikaambuliwa magome na kukaushwa vizuri kivulini. Nguzo yoyote isifukiwe ardhini ikiwa yawezekana kuisimamisha juu ya jiwe, maana huozea pale pale udongo na hewa vikutanapo, na mchwa hupandia hapo.

Iliyobaki ni majira. Lipu ya chokaa ikinyeshewa na mvua za mwaka kabla haijashika, huteremka yote. Ikipigwa na jua la kaskazi bila kifuniko, hupasuka. Agosti na Septemba ndiyo miezi ifaayo zaidi. Hata hapo yafaa ifunikwe kwa makumba au magunia yaliyoloweshwa maji baridi, asubuhi na jioni, kwa muda wa siku kadhaa.