Akiuliza, Ataambiwa

Mwanamke amepigwa picha ya matiti, ile wanayoiita mamogramu. Daktari wa radiolojia anailinganisha na ya zamani, anaona punje za kalsiamu zimepungua, anaandika kuwa hali ni shwari. Mwanamke anaporudi kwa kipimo kingine, daktari anashtuka: mara ile alizipanga picha kinyume, ya zamani akaidhania mpya. Kumbe punje zilikuwa zikiongezeka, na sasa zinatia shaka ya saratani. Amwambie nini?

Kisa ni cha kutunga. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Thomas Gallagher wa Chuo Kikuu cha Washington waliwapelekea madaktari wanaosoma mamogramu, na mwaka 2009 wakachapisha majibu ya madaktari 243. Asilimia 14 walisema wangelieleza kosa hilo bila shaka yoyote, 26 pengine wangelieleza, 9 katu wasingethubutu. Asilimia 51 wangelieleza iwapo tu mgonjwa angeuliza.

Aulize nini? Picha hakuzipanga yeye, wala hakuwapo ziliposomwa. Na walipoulizwa wangetamka maneno gani hasa, karibu theluthi moja yao wangeishia kusema kwamba punje zimekua na sasa zinatiliwa shaka. Hakuna uongo hapo, ndiyo maana jibu hilo linanikera kuliko hata lile la katu.

Hofu yao ina msingi. Nchini Marekani saratani ya matiti iliyochelewa kugunduliwa ni miongoni mwa mambo yanayowafikisha madaktari wa radiolojia mahakamani mara kwa mara. Tena daktari huyu mara nyingi mgonjwa hamjui hata kwa sura. Ripoti humwandikia daktari mwenzake. Na si kila kilichopita bila kuonekana ni uzembe. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake walichomeka taswira ya sokwe katika picha za CT-skani za mapafu, sokwe mkubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Kati ya madaktari 24 wa radiolojia, 20 hawakumwona, kwa kuwa macho yao yalikuwa yakisaka vinundu. Ukishaonyeshwa alipo, huwezi tena kuelewa walimkosaje. Ndivyo picha ya zamani inavyomsuta daktari: haifutiki, na anayeirudia tayari anajua pa kutazama. Lakini picha zilizopangwa kinyume si suala la macho.

Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa na kuwalipa fidia bila kungoja kushtakiwa. Kesi mpya zikashuka kutoka 2.13 hadi 0.75 kwa mwezi kwa kila mahudhurio 100,000, ingawa watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba huenda kulikuwa na sababu nyingine pia.

California ilipita njia ya sheria. Katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, wagonjwa zaidi ya 200 waliopimwa ubongo kwa CT-skani walipata mionzi takriban mara nane ya iliyokusudiwa. Hali hiyo iliendelea kwa miezi 18, ikabainika mwaka 2009 mgonjwa mmoja alipolalamika kuwa nywele zinamnyonyoka. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria inayoitaka hospitali imjulishe mgonjwa mionzi ikizidi kiwango kilichowekwa, awe ameuliza au hakuuliza. Picha iliyosomwa vibaya haimo katika sheria hiyo.