Aprili 15: Siku ambayo kila mchezaji huvaa jezi namba 42

HEBU fikiria Debi ya Mashemeji pale Nyayo. Gor Mahia na AFC Leopards wanaingia uwanjani, na wachezaji wote 22 wana namba moja mgongoni. Mtangazaji angechanganyikiwa, nawe ungedhani fundi wa jezi amekula pesa za watu.

Basi nchini Marekani jambo hilo hutokea kila mwaka. Ikifika Aprili 15, kwenye ligi kuu ya besiboli, wachezaji, makocha, hata waamuzi huvaa namba 42. Na hakuna anayelalamika.

Kama hujawahi kutazama besiboli, usijali. Ikiwa ulicheza raunda ukiwa shule ya msingi, nusu ya mambo unayajua tayari. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, halafu anatoka mbio kuzunguka vituo vinne. Akifika nyumbani salama, timu yake inapata alama. Nusu iliyobaki haitakusumbua leo, kwa sababu tunafuata timu moja tu, Dodgers, na tarehe moja kwenye kalenda yake.

1947: Siku ya kwanza kazini

Kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya siku hiyo, hakuna mchezaji mweusi aliyekanyaga uwanja wa ligi kuu. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa popote. Wamiliki wa klabu walikuwa wameelewana kimyakimya tu, na weusi wakabaki kucheza kwenye ligi zao wenyewe, hata wawe wakali kiasi gani.

Wakati huo Dodgers walikuwa timu ya Brooklyn, New York. Mkuu wao, Branch Rickey, aliamua kuvunja mwiko huo. Mwaka wa 1945 alimwita kijana aitwaye Jackie Robinson, akamweleza waziwazi kwamba atatukanwa, atachezewa rafu, na hatakiwi kujibu. Ngumi moja tu, na wapinzani wangepata kisingizio cha kufunga mlango tena.

Kumbuka Robinson hakuwa mpole wa kuzaliwa. Alipokuwa jeshini mwaka wa 1944, alikataa kuhamia nyuma ya basi alipoamriwa na dereva, akafikishwa mahakama ya kijeshi. Alishinda kesi. Sasa mtu wa aina hiyo ndiye aliyeombwa anyamaze.

Hata wenzake hawakuwa wote upande wake. Kabla ya msimu kuanza, baadhi ya wachezaji wa Dodgers walizungusha barua ya kumkataa. Kocha wao, Leo Durocher, aliizima mara moja.

Aprili 15, 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, Robinson aliingia akiwa na umri wa miaka 28. Mashabiki walizidi 25,000, na inakadiriwa zaidi ya nusu walikuwa weusi. Mkewe, Rachel, alikuwa jukwaani na mtoto wao mchanga. Wapinzani walikuwa Boston Braves.

Ungetarajia nikwambie alipiga mpira ukapotelea mawinguni. La! Siku hiyo Robinson hakupata pigo safi hata moja. Lakini Dodgers wakiwa nyuma 3-2, aliugusa mpira taratibu akatimua mbio. Mpinzani akababaika, akarusha ovyo. Mwenzake alipopiga vizuri baada ya hapo, Robinson alikimbia hadi nyumbani na kuiweka timu mbele. Mechi iliisha 5-3.

Kwa hivyo siku inayokumbukwa kuliko zote katika besiboli ilikuwa siku ambayo mhusika mkuu alicheza mechi ya kawaida tu. Ukiwa umeanza kazi juzi na bado hujaonyesha maajabu, hilo liweke akilini.

Maajabu yalikuja baadaye. Mwaka huohuo alitajwa mchezaji chipukizi bora. Mwaka wa 1949 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake, na mwaka wa 1955 Dodgers walitwaa ubingwa wa Marekani kwa mara ya kwanza.

1997: Namba yatundikwa

Robinson alifariki mwaka wa 1972 akiwa na miaka 53 pekee. Kufikia wakati huo Dodgers walikuwa wamehamia Los Angeles zamani.

Aprili 15, 1997, miaka 50 kamili tangu mechi ile, Dodgers walikuwa New York kucheza na Mets. Mchezo ulisimamishwa katikati. Rachel akatoka uwanjani akiwa na Rais Bill Clinton, na kiongozi wa ligi, Bud Selig, akatangaza kwamba namba 42 haitapewa mchezaji mpya wa timu yoyote. Waliokuwa nayo tayari waliruhusiwa kuendelea. Wa mwisho kuivua alikuwa Mariano Rivera wa Yankees, aliyestaafu mwaka wa 2013.

2007: Namba yarudi kwa siku moja

Miaka kumi baadaye, nyota Ken Griffey Jr aliomba ruhusa ya kuivaa 42 siku hiyo tu. Akakubaliwa, na wengine wakaomba pia. Dodgers hawakutaka kuchagua nani avae na nani aache, hivyo wakaivaa timu nzima. Kuanzia mwaka wa 2009, ligi yote ikafuata.

Na Aprili 15, 2017, Dodgers walizindua sanamu yake nje ya uwanja wao. Haimwonyeshi akiwa amesimama na kikombe. Inamwonyesha akiteleza chini, akiiba njia ya kurudi nyumbani.

Wewe yakuhusu nini?

Yakuhusu zaidi ya unavyodhani. Mwaka wa 1959, Tom Mboya alipokuwa akihangaika kutafuta pesa za kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni Marekani, Robinson alikuwa mmoja wa watu mashuhuri waliotia sahihi barua ya kuomba michango, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo, wanafunzi 81 walipanda ndege. Mtu aliyefunguliwa mlango alikuwa ameanza kuwashikia wengine mlango. Mwanawe, David, naye alihamia Tanzania, na kwa miaka mingi amekuwa mkulima wa kahawa huko.

Lakini usidhani hadithi imeishia kwenye sherehe. Leo hii Wamarekani weusi ni takriban asilimia 6 tu ya wachezaji wa ligi hiyo, ilhali miaka ya 1980 walikaribia mmoja kati ya watano. Vifaa, makocha na mashindano ya watoto ni ghali, na vijana wengi weusi wamekimbilia mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani. Hakuna anayewazuia mlangoni siku hizi. Ni nauli tu ya kufika hapo iliyowashinda wengi, jambo ambalo kijana wa mtaani Nairobi mwenye kipaji na asiye na viatu vya kuchezea analielewa bila kuelezwa.

Ndiyo maana siku hii ina uzito wake. Kuvaa jezi ya mtu ni rahisi. Ni kazi ya saa tatu, halafu inarudi kwa dobi. Robinson aliivaa miaka kumi, akitukanwa, na alipoivua akaenda kutafutia wengine nauli. Wewe uliyepata nafasi, iwe ni kazi, timu au masomo, nani anakuja nyuma yako?